Mbacha wa Zwickau: Gari Dogo na Uaminifu wa Kumbukumbu

Katika tungo za kumbukumbu, gari dogo la ujanani limekwishapata makao yake, kama vile dau, kisima na mti wa uani vilivyopata makao yao zamani. Mtunzi aliyeota mvi hulitaja kwa jina la mapenzi. Hukumbuka harufu ya viti vyake, waliolipanda pamoja naye, na mlima uliolishinda hata abiria wakashuka kulisukuma. Msomaji hutabasamu. Lakini uhakiki hauwezi kukomea kwenye tabasamu. Upo wajibu wa kuuliza: mwenye kulikumbuka gari lile anakumbuka nini khasa? Gari lenyewe, au ujana wake, au dunia iliyolifanya gari lile liwe ndilo la pekee la kupatikana? Jawabu la swali hili ndilo linalotenga baina ya kumbukumbu iliyo ushahidi na kumbukumbu iliyo pambo.

Gari linalolikabili swali hilo kwa ukali zaidi ni Trabant ya Ujerumani ya Mashariki. Kigari hiki kilianza kuundwa katika mji wa Zwickau mwaka 1957, na cha mwisho kilitoka kiwandani tarehe 30 Aprili 1991, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 3. Jina lake maana yake ni mwandani, yule aandamanaye na mkubwa wake. Wanafalaki wa Kijerumani hulitumia pia kwa mwezi unaoizunguka sayari, na 1957 ndio mwaka Warusi waliporusha Sputnik. Aina iliyoenea kuliko zote, ya 601, ilitokea mwaka 1964. Injini yake ilikuwa na silinda mbili na nguvu za farasi 26 tu. Petroli yake ilichanganywa na oili, na moshi wa rangi ya buluu ulikiandama kila kilipokwenda. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi yake ilifinyangwa kwa nyuzi za pamba na gundi ya kemikali. Kwa miaka mingi dereva hakuwa na saa ya petroli mbele yake. Aliyetaka kujua kilichosalia alifunua boneti, akatumbukiza kijiti katika tangi, akakitoa na kukisoma.

Mambo kama haya ndiyo yanayosimuliwa kwa furaha na waliokiendesha, wala hawana kosa. Gari ambalo mtu aliweza kulifungua na kulifunga kwa mikono yake mwenyewe lilimwachia hadhi fulani, hadhi ambayo magari ya leo, yasiyofunguka ila kwa kompyuta, yamemnyima. Tena mtaka cha mvunguni sharti ainame: watu wanne walioinama wakaingia, wakabanana magoti hadi ufukwe wa bahari ya Baltiki, hawawezi kusahauliana. Udogo wa chombo ulikuwa ni ukaribu wa watu.

Lakini kumbukumbu hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni kungoja. Mtu alijiandikisha kununua Trabant, akangoja zaidi ya miaka 10. Gari kuukuu liliweza kuuzwa kwa bei kubwa kuliko jipya, kwani kuukuu lilipatikana leo. Msomaji wa visiwani aliyewahi kusimama foleni ya unga na sukari hahitaji kufasiriwa hesabu hiyo. Na lilipopatikana, liliweza kumfikisha mwenyewe Prague au Budapest, ilhali mtaa wa pili wa Berlin, ulio upande wa magharibi wa ukuta, hakuruhusiwa kuufikia.

Tena ipo nusu nyengine, ikiwa kitu kimoja chaweza kuwa na nusu tatu, nayo ni kuacha. Mwaka 1989 maelfu ya raia wa Ujerumani ya Mashariki walikimbilia ubalozi wa Ujerumani ya Magharibi mjini Prague. Tarehe 30 Septemba waliarifiwa kuwa wameruhusiwa kuondoka, nao wakaondoka kwa treni. Magari waliyojia yalibaki mitaani mwa mji ule, hayana mwenyewe. Kilichongojewa kwa muongo mzima kiliachwa kwa usiku mmoja. Ukuta ulipofunguliwa tarehe 9 Novemba mwaka uleule, na fedha za Magharibi zilipoanza kutumika Mashariki tarehe 1 Julai 1990, hata waliobaki kwao walizitupa Trabant zao na kukimbilia magari kuukuu ya Magharibi. Miaka haikupita mingi, wakaanza kuyalilia yale waliyoyatupa. Wajerumani wameunda neno la hali hiyo, Ostalgie, kwa kuunganisha neno lao la mashariki na lile la kutamani ya kale.

Mswahili atakimbilia methali yake: usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, hapa methali inataka kupimwa. Mbacha unaosemwa ni wa mtu mwenyewe, aliyeuchagua au kuurithi. Je, mbacha aliopewa mtu kwa kuwa mikeka mengine yote imefungiwa nyuma ya ukuta, nao ni wake? Mwenye kuuacha huo alaumiwe? Mwenye kuulilia baadaye achekwe? Hapo ndipo sanaa inapopata kazi.

Kazi tatu zinafaa kulinganishwa. Ya kwanza ni mchoro wa Birgit Kinder, aliouchora mwaka 1990 juu ya kipande cha ukuta wenyewe wa Berlin. Trabant inaupenya ukuta na kumjia mtazamaji usoni, na kibao chake cha namba kimeandikwa tarehe ya 9 Novemba 89. Gari halina hata mkwaruzo. Ni mchoro wa shangwe, na shangwe ile ilikuwa ya kweli. Walioiona siku ile hawataki kuambiwa vyengine. Lakini ni ushahidi wa siku moja. Gari lililongojewa muongo mzima haliwi bila ya mkwaruzo, na wala si gari lililouvunja ukuta. Waliouvunja ni watu, na wengi wao walikwenda kwa miguu.

Ya pili ni filamu ya Peter Timm, *Go Trabi Go*, ya mwaka 1991. Mwalimu wa Kijerumani wa mji wa Bitterfeld, pamoja na mkewe na binti yake, anakwenda Italia kwa Trabant waliyoipa jina la mtu, Schorsch, akiifuata njia aliyopita Goethe katika safari iliyoanza mwaka 1786. Wazo hili lina uzito kuliko vichekesho vinavyolizunguka. Mwalimu yule alikwishafika Italia mara nyingi kwa macho ya kitabu, na sasa mwili unaifuata nafsi kwa nguvu za farasi 26. Hapo kigari kinageuka kuwa kipimo cha umbali baina ya kusoma na kuruhusiwa. Kasoro ya filamu ni kwamba kicheko chake kinasamehe upesi mno. Mtazamaji anatoka akikipenda kigari, na miaka ya kungoja imegeuka kuwa mzaha mmoja miongoni mwa mizaha.

Ya tatu ndiyo bora. Mchongaji wa Kicheki, David Černý, alitengeneza mwaka 1990 sanamu ya Trabant iliyosimama juu ya miguu minne badala ya magurudumu, akaiita *Quo Vadis*, yaani "Waenda wapi?" Nakala yake imo katika bustani ya ubalozi wa Ujerumani mjini Prague, pale pale walipokimbilia watu wale. Sanamu inachekesha kwa mtazamo wa kwanza; kwa wa pili inatisha kidogo. Gari limeota miguu kwa sababu waliolipanda waliliacha wakaenda kwa miguu yao. Mapenzi yamo, dhihaka imo, na kuacha kumo, wala hakuna kimoja kilichomfukuza mwenzake. Na swali lililoandikwa juu yake halijibiwi.

Mashairi ya pwani yalikwishaujua mtihani huu kabla ya kuwapo gari lolote. Mtunzi wa *Al-Inkishafi*, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyakumbuka majumba ya Pate kwa uzuri wake wote, taa zake na wenyewe waliojipamba; lakini aliusemesha moyo wake ili uone ghururi iliyokuwamo ndani ya uzuri ule. Hakuufuta uzuri ili apate mawaidha, wala hakuyafuta mawaidha ili abaki na uzuri. Kwa hiyo utendi wake haujachakaa.

Nchi iliyounda Trabant si ngeni Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964, mwaka uleule ilipotokea ile 601, Ujerumani ya Mashariki ilisaidia kujenga nyumba za ghorofa za Kikwajuni, ambazo zina wakaazi hadi leo. Nazo zinastahiki mtunzi. Atakayeziandika atakumbuka ngazi alizozipanda utotoni na jirani aliyekuwa akigonga mlango kuomba chumvi. Na ni haki yake. Lakini foleni za miaka ile, khofu zake, na wale walioondoka usiku wasiage, navyo vilipita katika ngazi zizo hizo. Shairi litakalovikalisha vyote hivyo chini ya dari moja litakuwa gumu kuandikwa, na baadhi ya wasomaji litawakera. Hata hivyo, hilo ndilo watakaloweza kuliamini wajukuu ambao hawakuwapo.