Akko Hakuwahi Kumwonea Luwi Huruma

Karibu mwaka mzima nilimtafsiria nyanya yangu tamthilia ya Maria, kutoka Kiswahili na Sheng hadi Kiborana, na nilikuwa mtafsiri mbaya. Hapa Kinna tuliitazama kwa televisheni ya sola, jioni baada ya taarifa ya habari. Adhana ya Isha ingelia katikati, Akko ainuke kuswali, kisha arudi akiuliza, “Yule kijana ameamua?”

Hajaamua, Akko.

Kijana mwenyewe ni Luwi, aliyeigizwa na Brian Ogana. Ana mchumba, Sofia, halafu Maria (Yasmin Said) anaingia nyumbani kwao kutoka mtaa wa mabanda, na hapo ndipo usingizi unapotutoka sote. Citizen walianza kuionyesha 2019 wakamaliza 2021. Kama uliwahi kufuata Selina ya Maisha Magic East, mlango ni ule ule: binti maskini, nyumba ya matajiri, mrithi mwenye macho ya huruma.

Siku moja Luwi akatoa yale maneno ya siwezi-kuishi-bila-wewe. Nikayatafsiri kwa hisia zote. Akko akauliza, “Kwani saa hii anaishi na nani?”

Nilicheka, lakini swali hilo ndilo uhakiki bora zaidi niliowahi kusikia kuhusu tamthilia zetu za mapenzi. Adui wa mapenzi ndani yake hutoka nje: mama mkwe, pesa, mwanamke mwingine mwenye viatu virefu. Adui akishindwa, harusi. Watu wawili waliokwisha kushinda kila mtu, wakabaki wao kwa wao mezani na chai inayopoa, hao hawana nafasi. Ajabu ni kwamba wanaotengeneza kazi hizi, Lulu Hassan na Rashid Abdalla wa Jiffy Pictures, ni mume na mke ambao pia wamesoma habari pamoja kwenye Citizen. Hiyo ndiyo tamthilia ningelipia bando kuitazama: mnarudi nyumbani kutoka kazi moja, mtaongea nini?

Nalisema hili nikiwa na sababu. Mvua ilipokosa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, mume wangu alihama na ng'ombe. Alikuwa akinipigia akipata mtandao, kwa kawaida juu ya kilima fulani, na maongezi yalikuwa hivi: maji yapo? Yule mwekundu amesimama leo au mmemwinua? Mtoto ameacha kukohoa? Halafu simu inakatika. Mimi nimetoka kumsikiliza Luwi dakika thelathini, sasa unaniambia habari za ng'ombe kuinuliwa! Nilianza kupanga maneno ya kuomba talaka. Niliyapanga kwa Kiswahili, si Kiborana, na sikujiuliza kwa nini. Yalikuwa maneno ya Maria.

Lakini si haki kuilaumu tamthilia kwa hilo peke yake, na hapa natofautiana na wale wanaozicheka kwa kuvutwa mno. Ni kweli zinavutwa. Kuna wiki nzima watu wanaingia na kutoka chumba kimoja, wanaulizana swali la juzi. Ila sisi tuliendelea kukaa pale, jioni tano kwa wiki, hata kipindi kilipokuwa hakina ladha, kwa sababu tulishawazoea watu hawa na tulitaka kujua wameamkaje. Hilo mazoea, jameni, hadithi yenyewe ya Maria haikuliamini hata kidogo. Iliendelea kutuahidi busu, kumbe ilikuwa imetupa kitu kingine bila kukusudia.

Maneno yangu ya talaka sikuyasema. Sikupata hekima yoyote. Kila nilipokuwa tayari, mtandao ulikuwa haupo, na mtandao ulipokuwepo alikuwa anauliza kikohozi cha mtoto.

Alirudi 2023, mvua ilipokuja, na ng'ombe kumi na mmoja. Nikamwekea Maria tangu mwanzo kwenye simu, nimwonyeshe nilivyoishi bila yeye. Alisinzia kabla Luwi hajafanya lolote. Akko, akiwa kwenye mkeka wake, akaniuliza kama huyu naye ameamua.