Mali kama Bwana: Kiambishi Kimoja katika Mathayo 6:24

Wahubiri wanaoziita simu na vyeo sanamu za kisasa hawakosei, ila huliruka andiko lililo karibu zaidi. Katika Mathayo 6:24, Kigiriki kimeliacha neno la Kiaramu *mamona* bila kulitafsiri, nalo linasimama kama jina la bwana. Biblia ya Union Version (1952) imeweka *mali*. Neno hilo laeleweka upesi, lakini mali humilikiwa, haimiliki. Msomaji hudhani kumrejea Mungu ni kupunguza matumizi tu. Sarufi yenyewe yapinga: kiambishi *-m-* katika *kumtumikia*, kinachopatana na Mungu, kinaikumba mali pia, kana kwamba nayo ina nafsi. Nomino imeificha nafsi hiyo. Ningependelea *Mamona*, hata kama mhubiri atalazimika kulieleza.