Shadda na Mizani katika Kiingereza cha Kusema

Vitabu vingi vya kufundishia matamshi ya Kiingereza vimejengwa juu ya dai moja: kwamba katika lugha hiyo muda kati ya silabi moja yenye mkazo na nyingine huwa sawa, ilhali lugha nyingine hupimwa kwa silabi. Dai hili lilitolewa na Kenneth Pike mwaka 1945, na David Abercrombie akalitilia nguvu mwaka 1967. Kwetu lina mvuto, maana tumezoea mizani: Amri Abedi, katika Sheria za Kutunga Mashairi (1954), alitufundisha kuhesabu silabi za mstari. Ni rahisi basi kuamini kwamba Mwingereza naye anayo mizani yake, ila yeye huhesabu mikazo.

Makala hii yapinga matumizi ya dai hilo darasani. Mwaka 1983 Rebecca Dauer alipima usemi wa lugha kadhaa, akaona kwamba vipindi kati ya mikazo ya Kiingereza havina usawa kuliko vya lugha nyingine. Tofauti hutokana zaidi na jinsi Kiingereza kinavyofifisha irabu za silabi zisizo na mkazo. Hata hivyo, wapo walimu ambao bado hugonga meza kwa rula, na darasa zima likaimba sentensi kwa mapigo.

Tutazame hali ya Kakamega. Mwanafunzi aliyelelewa katika Luisukha au Luidakho amekulia katika lugha ya toni. Sikio lake hupambanua kupanda na kushuka kwa sauti tangu utotoni. Katika Kiswahili hukuta shadda ikikaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache: barabára ipitayo magari si barábara yenye maana ya sawasawa. Kumwambia mwanafunzi huyo kwamba hana sikio ni kumwonea. Tatizo lake li mahali pengine.

Msemaji wa Kiswahili akitaka kusisitiza hutegemea sana sarufi: "Juma alivunja kikombe" huwa "Juma ndiye aliyevunja kikombe". Mwingereza mara nyingi huyaacha maneno yalivyo, akahamisha mkazo tu. "JUMA broke the cup" humkana Ali. "Juma broke the CUP" huikana sahani. Anayeyatamka yote kwa uzito mmoja hajakosea sauti hata moja, lakini jambo alilokusudia halikufika. Jennifer Jenkins (2000) ameuhesabu mkazo wa namna hii miongoni mwa mambo ya lazima ili wasemaji wasio Waingereza waelewane, akayaacha nje mapigo yale ya rula.

Kwa hiyo yafaa mwalimu aanze na "ndi-". Aiweke tamthilia ya Shakespeare kando ya tafsiri ya Nyerere, Juliasi Kaizari (1969). Kila wanafunzi wakutapo "ndiye" au "ndicho", na waulize ni neno gani la Kiingereza lingebeba mkazo pale, kisha walitamke. Hapo Kiswahili kitakuwa ngazi ya kupandia badala ya kulaumiwa kuwa kizuizi. Mwanafunzi wa Kakamega hana haja ya kusema kama mtu wa London. Haja yake ni kwamba atakapojibu swali mbele ya watu, wasikie anachokikana na anachokithibitisha, wala wasimcheke lafudhi yake.