Subira na Shitaka: Uhakiki wa Imani Wakati wa Dhiki katika Kitabu cha Ayubu

1.0 Utangulizi

Katika misiba ya Wakristo wa Afrika ya Mashariki, jina la Ayubu hutajwa mara kwa mara. Mfiwa huambiwa kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba yampasa kusubiri kama Ayubu alivyosubiri. Usia huo una msingi katika Maandiko, kwani Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unamtaja Ayubu kuwa kielelezo cha subira. Hata hivyo, hutegemea sehemu ndogo tu ya kitabu chenyewe. Uhakiki huu unachunguza namna Kitabu cha Ayubu kinavyosawiri imani ya mtu aliye katika dhiki, kwa kurejelea hasa Biblia ya Kiswahili ya Union Version ya mwaka 1952. Hoja inayotetewa ni kwamba imani inayothibitishwa na kitabu hiki si kunyamaza, bali ni kuendelea kusema na Mungu hata pale usemi huo unapogeuka kuwa shitaka.

2.0 Muundo wa Kitabu na Tatizo la Usomaji

Kitabu kina sura 42. Sura ya 1 na ya 2, pamoja na aya 11 za mwisho, zimeandikwa kwa nathari. Sehemu iliyo kati yake karibu yote ni ushairi. Ayubu wa nathari ya mwanzo anapoteza kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500, watoto 10 na hatimaye afya yake, wala hamkufuru Mungu. Ayubu wa ushairi, kuanzia sura ya 3, anailaani siku aliyozaliwa, anadai kwamba Mungu amemwonea, na katika sura ya 9 anasikitika kwamba hakuna wa kuamua kati yake na Mungu. Msomaji anayeruka kutoka sura ya 2 hadi ya 42 anapata kisa cha mtu aliyevumilia akalipwa. Usomaji wa namna hiyo unaiondoa sehemu kubwa ya kitabu, nayo ndiyo yenye mgogoro mkuu.

3.0 Msamiati wa Subira

Neno subira, pamoja na saburi, lina asili ya Kiarabu, na liliingia katika Kiswahili likiwa limekwisha kubeba maana ya kidini. Qur'ani, katika sura ya 38, inamsifu Ayubu kwa kusubiri, na fasihi ya Waswahili ina Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner mwanzoni mwa miaka ya 1920. Methali kama vile "Subira yavuta heri" ziliimarisha fikra kwamba anayetulia hupata. Wafasiri wa Biblia walipolichagua neno hilo, walipata istilahi inayoeleweka na kuheshimiwa. Lakini neno la Kiyunani lililotumika katika Waraka wa Yakobo lina dhana ya kubaki chini ya mzigo bila kukimbia, na abakiye chini ya mzigo aweza kulia kwa sauti. Pengo lililopo kati ya kubaki na kunyamaza ndilo linalosahauliwa katika mahubiri mengi.

Aidha, lugha ya Ayubu imejaa istilahi za baraza. Katika sura ya 19, Union Version inamwita yule anayetumainiwa "Mteteaji", yaani mtu anayesimama upande wa mwenye kesi. Katika sura ya 31, Ayubu anaitia sahihi hoja yake na kutaka ajibiwe. Uteuzi wa msamiati huo ni miongoni mwa nguvu za tafsiri hiyo, kwa kuwa unamfanya msomaji aisikie imani ikidai haki.

Utata wa imani hiyo unadhihirika zaidi katika sura ya 13, aya ya 15. Maandishi ya Kiebrania yana neno linalotamkwa sawa lakini huandikwa kwa namna mbili: moja humaanisha "si", nyingine "kwake". Kwa namna ya kwanza, Ayubu anasema kwamba Mungu atamwua naye hana tumaini. Kwa namna ya pili, hata akiuawa atamtumaini. Katika usomaji wote wawili anaendelea kuitetea njia yake mbele za Mungu. Kwa hiyo, kinachodumu katika aya hiyo ni uhusiano, hata kama hisia ya matumaini imetoweka.

4.0 Marafiki na Hukumu ya Mungu

Elifazi, Bildadi na Sofari wanaanza vyema: wanaketi na Ayubu siku 7 mchana na usiku bila kunena. Wanapofungua vinywa, wanageuza dhiki yake kuwa ushahidi wa dhambi. Jambo la kuzingatia ni kwamba wanamsema Mungu, lakini hawasemi naye hata mara moja. Ayubu peke yake ndiye anayemwelekea Mungu kwa nafsi ya pili.

Yaweza kupingwa kwamba Mungu anamkemea Ayubu katika sura ya 38, na kwamba Ayubu anajirudi katika sura ya 42. Pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, kinachokemewa ni mipaka ya maarifa yake, na mara baada ya kujirudi kwake Mungu anatamka kwamba marafiki hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena Ayubu. Gustavo Gutiérrez, padri wa Peru, alikisoma kitabu hiki kuwa swali la namna ya kumsema Mungu mbele ya mateso ya asiye na hatia. Swali hilo linamhusu kila anayekwenda kutoa pole.

5.0 Hitimisho

Mwishoni mifugo inaongezwa maradufu: kondoo 14,000 na ngamia 6,000. Watoto hawaongezwi maradufu. Wanazaliwa 10 wengine, na wale wa kwanza hawarudi. Nduguze bado wanakuja kula naye na kumfariji. Mwandishi hakudai kwamba fidia hufuta kilio. Ikiwa hivyo ndivyo, kumnyamazisha mfiwa kwa jina la Ayubu ni kurudia kosa la marafiki zake. Kitabu kinamruhusu mwamini aliye katika dhiki kusubiri huku akiuliza, na kinawapa wanaomzunguka wajibu mgumu zaidi: kuketi naye, na kutomjibia Mungu.