Mukia wa kometi na swali la mbegu: zingapi ziliota?

Bandugu, sisi ba agronomi, tukitaka kujua kama mbegu ni nzuri, hatuhesabu tu zenye kupasuka. Tunatwaa 100, tunazilaza mu unyevu, tunangoja, tunahesabu zenye kuota. Lile swali njo ninaleta kwa makala zenye kusema ati testi ya kometi inatabiri namna seli za kansere zitajibu mionzi.

Testi yenyewe siibezi. Östling na Johanson waliionyesha mu 1984. Mu 1988 Singh na wenzake wakaleta ile ya alkali. Seli zinalazwa mu jeli juu ya kioo, zinapasuliwa, umeme unapita, na ADN yenye kukatika inakokotwa inje kama mukia wa nyota. Jibu linapatikana upesi, tena unaona kila seli peke yake. Kwa hiyo Peggy Olive, kule Vancouver, aliitumia kutambua ndani ya uvimbe seli zenye kukosa oksijeni, zenye mionzi haiziumizi sana.

Lakini shida iko hapa. Grei 1 ya mionzi inakata uzi mumoja wa ADN karibu mara 1,000 mu kila seli, na nyuzi zote mbili karibu mara 40 tu. Hizi 40 njo zinaua zaidi. Kometi ya alkali inaonyesha zote pamoja, basi mukia wa dakika za kwanza ni hasa habari ya vidonda vyepesi, vyenye seli inaponya mbio. Seli mbili zinaweza kuwa na mukia sawa, moja ikufe, ingine iendelee kuzaa. Ingine tena inaunganisha vipande vibaya: mukia unapotea, lakini ikifika kugawanyika, inakufa.

Puck na Marcus, mu 1956, walipanda seli na kuhesabu zenye kuzaa kundi. Ile njo testi ya kuota! Iko polepole, inaomba wiki mbili hivi, na seli nyingi za wagonjwa hazikubali kuota mu labo. Ndiyo, lakini kuwa mbio si kuwa na jibu.

Ninakubali njia ya katikati: pima tena kisha saa 24, kwa kometi ao kwa alama ya gama-H2AX, uone vidonda gani vimebakia. Ile inakaribia ukweli. Lakini mwenye kutuonyesha mukia wa kwanza tu, kisha anataka kuamua mama gani apewe mionzi na nani akose, sherti tumuulize: zingapi ziliota?