Rangi Iliyotungiwa Sheria

Mwaka 1976 serikali ya Kanada iliongeza kifungu katika kanuni zake za kulinda sili: kumpulizia rangi mtoto wa sili aliye hai ni kosa. Kumpiga rungu la kichwa hadi afe, mradi una leseni na msimu umefunguliwa, kuliendelea kuwa halali. Kifungu hicho kilikuwa na walengwa wake: watu wachache kutoka Vancouver waliokuwa wakijiandaa kuvuka nchi hadi Newfoundland wakiwa na rangi ya kijani. Mbinu ya maandamano iliyotungiwa sheria kabla haijatumika hata siku moja inastahili kuchunguzwa kwa makini, maana serikali haizibi tundu lisilovuja.

Tuanze na bidhaa yenyewe. Sili wa Greenland huzaa juu ya barafu ielayo, kati ya mwisho wa Februari na Machi, katika Ghuba ya St. Lawrence na mbele ya pwani za Labrador na Newfoundland. Mtoto huzaliwa na manyoya meupe pepe ambayo huanza kupukutika baada ya wiki mbili hivi. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakitafutwa. Meli kubwa za Kanada na Norway zilipenya barafu, wanaume wakashuka na marungu, ngozi zikavutwa melini kwa kamba za chuma, na nyingi zikaishia kwenye viwanda vya Norway kabla ya kuingia madukani Ulaya. Mgawo wa mwaka 1976 ulikuwa sili 127,000. Kwa mpangaji wa maandamano, biashara ya namna hii ina udhaifu mmoja mkubwa: tarehe yake inajulikana, mahali pake panajulikana, na thamani yake yote imekaa kwenye rangi moja.

Brian Davies, aliyeanzisha Mfuko wa Kimataifa wa Ustawi wa Wanyama mwaka 1969, alikuwa ameshaigundua nguvu ya mahali pale. Kwa miaka mingi alisafirisha waandishi wa habari hadi barafuni, na picha zikajieleza zenyewe: theluji nyeupe, mnyama mweupe, damu. Watu walilia, wakaandika barua, wakachanga fedha. Uwindaji ukaendelea.

Greenpeace walikuja na hesabu nyingine. Kikundi hicho kilizaliwa mwaka 1971 kupinga majaribio ya nyuklia kwenye kisiwa cha Amchitka, na mwaka 1975 kilijipatia jina kwa kuweka vijiboti vya mpira kati ya nyangumi na meli za Kisovieti. Kiongozi wake, Robert Hunter, alikuwa mwandishi wa safu katika gazeti la Vancouver Sun, na aliamini kwamba picha moja iliyopangwa vizuri hulipuka vichwani mwa watu wengi kwa wakati mmoja. Pamoja na Paul Watson walifikia wazo la rangi. Mpulizie mtoto wa sili rangi isiyodhuru wala kufutika, na ngozi yake haina mnunuzi tena. Mnyama anabaki hai kwa sababu rahisi kabisa: hakuna faida ya kumuua.

Mbinu nyingi za maandamano humshambulia mtu, zikamwita muuaji, na mtu akishaitwa muuaji hana njia ila kujitetea. Rangi haikuwa na neno na mwindaji. Iliishambulia bei. Tena ilikuwa na picha yake ndani: mtu amepiga magoti na kopo mkononi, na nyuma yake mwingine anakuja na rungu. Mpiga picha hahitaji kuandika maelezo chini.

Je, ingefaulu kama biashara? Hesabu inakataa. Watu wachache wakitembea juu ya mapande ya barafu yanayosogea, katika upepo wa Machi, wasingeweza kufikia ila sehemu ndogo sana ya watoto wote. Waliobaki weupe wangewatosha wawindaji. Hivyo rangi ilikuwa silaha ya uchumi kwa mantiki yake, na mchezo wa jukwaani kwa ukubwa wake. Nadhani Hunter alilijua hilo. Serikali kule Ottawa nayo ililijua, na bado ikatunga kanuni. Ikaongeza na nyingine: helikopta isitue karibu na sili kwa umbali wa chini ya nusu maili ya bahari. Kwa kufanya hivyo serikali iliwapa wapinzani wake zawadi. Sasa ilibidi waziri aeleze hadharani jinsi sheria ya kulinda sili inavyoruhusu rungu na kukataza rangi.

Zawadi hiyo haikutumika. Msafara ulipofika St. Anthony, mji wa wavuvi kaskazini mwa Newfoundland, wenyeji wenye hasira waliuzingira na kuyafungia njia magari yake. Hawa hawakuwa wenye meli kubwa. Walikuwa watu wa boti ndogo na samaki wa chewa, ambao sili wa majira ya baridi aliwapa fedha kidogo wakati bahari imeganda. Katika mkutano wa hadhara Hunter alitangaza kwamba rangi haitatumika. Badala yake alipendekeza ushirika: wavuvi wadogo na wanamazingira pamoja dhidi ya meli za kigeni zilizokuwa zikimaliza samaki na sili kwa pamoja.

Watetezi wa wanyama waliona wamesalitiwa. Mimi naiona hatua ile kuwa ya busara kwa upande mmoja na ghali kwa upande mwingine. Busara, kwa sababu hakuna maandamano yanayodumu mahali ambapo kila mwenyeji ni adui, na kwa sababu kulikuwa na ukweli ndani yake: mvuvi wa St. Anthony na mwenye meli ya Norway hawakuwa na masilahi mamoja. Ghali, kwa sababu aliiacha mbinu pekee yenye shabaha. Rangi ingemgusa mtoto mweupe wa sili wa Greenland, katika biashara ya manyoya meupe, basi.

Kilichobaki ni mwili na kamera. Wakiwa na kambi ya mahema kwenye kisiwa cha Belle Isle, Hunter na Watson walifika kwenye barafu na kusimama wameipa mgongo meli iitwayo Arctic Endeavour, hadi ikasimama. Machi 1977 akaja Brigitte Bardot, na picha zake na mtoto wa sili zikajaa magazetini Ulaya. Ushirika na wavuvi ulikuwa umeshasahaulika. Hapo kampeni ilihama: uwanja wa mapambano haukuwa tena Newfoundland bali kwenye kaunta za maduka na viti vya wabunge wa Ulaya, ambao Davies na wenzake waliwafurika kwa kadi za posta. Mwaka 1983 Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku kuingiza ngozi za watoto weupe, na mwaka 1987 Kanada yenyewe ikasimamisha uwindaji wao wa kibiashara pamoja na meli zake kubwa. Rangi nayo ilirudi: mwaka 1979 Watson, ambaye alikuwa ameshaachana na Greenpeace, alipeleka watu barafuni wakapaka watoto wa sili rangi nyekundu, wakakamatwa kwa kanuni ileile.

Kwa kipimo cha kawaida huo ni ushindi, na vitabu vingi vya wanaharakati huishia hapo. Lakini amri ya 1983 ilikuwa na kifungu kilichowaachia Wainuit, watu wa kaskazini ya mbali ambao huwinda sili wakubwa wa aina nyingine, wakala nyama na kuuza ngozi. Kifungu hakikuwasaidia. Mnunuzi wa Ulaya, aliyeiona ile picha mara mia, hakutofautisha ngozi na ngozi, aliona sili. Soko likaanguka lote, na vijiji ambavyo havikuwa na chanzo kingine cha fedha taslimu za kununulia risasi na mafuta vikabaki mikono mitupu.

Jambo hilo halikuwa na ulazima wa kutokea. Mbinu iliyolenga bei ya manyoya meupe ilikuwa na mpaka wake ndani yake. Picha ya uso wa mtoto wa sili haina mpaka, na nguvu yake yote imetokana na kutokuwa nao. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya ulipanua marufuku hadi bidhaa za sili wote, tena ukiwaachia Wainuit, na safari hii wanatakiwa kuambatanisha hati. Shirika la Biashara Duniani liliikubali mwaka 2014 hoja ya Umoja huo kwamba marufuku hiyo inalinda maadili ya umma. Mwaka huohuo Greenpeace Kanada iliwaomba radhi Wainuit, na vijana wa Kiinuit wa Nunavut, kaskazini mwa Kanada, walijaza mitandao ya kijamii kwa picha zao wenyewe wakiwa wamevaa makoti na viatu vya ngozi ya sili.