Gumba na Uzi Wazi: Gitaa la Baritoni katika Mapigo ya Gitaa Kavu

Gitaa kavu, yaani gitaa la mbao lisilohitaji umeme, lilikita mizizi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi katika kipindi ambacho Kaloleni, Ziwani, Makongeni na Muthurwa ilijaa wafanyakazi wa reli na wa manispaa, wengi wao wakitoka magharibi mwa Kenya, na tangu mwanzo lilimkabili mpigaji na swali moja gumu: mtu mmoja mwenye nyuzi sita atatoaje besi, ridhimu na wimbo kwa wakati mmoja? Jibu lililopatikana lilikaa katika mkono wa kulia. Katika omutibo, mtindo wa Waluhya unaohusishwa zaidi na George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, kidole gumba hutembea kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikiimba kwenye nyuzi nyembamba, na mapigo ya ngoma ya isukuti husikika ndani ya mwendo huo hata pasipo na ngoma. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Katanga mwaka 1952, alifanya kazi Nairobi miaka michache baadaye, sawa na Edouard Masengo, na kuwapo kwao kuliwapa wapigaji wa mjini kipimo kingine cha umbali ambao vidole viwili vinaweza kufika.

Mkono wa kushoto, hata hivyo, ulibaki na deni. Katika tyuni ya kawaida, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi kutoka nene hadi nyembamba E, A, D, G, B, E, gumba lina besi tatu tu zinazolia bila kubanwa, na wimbo unaopigwa katika C, ufunguo unaopendwa mno na wapigaji wa gitaa kavu, haupati noti yake ya nyumbani katika hata mojawapo ya hizo tatu. Kidole kimoja cha kushoto hulazimika kushika besi kila mara, na kidole hicho hupotea kwenye wimbo. Nyatiti ya Wajaluo yenye nyuzi nane na litungu la Wabukusu lenye nyuzi saba havina tatizo hilo kwa sababu kila uzi umepewa noti yake na kazi yake kabla ya wimbo kuanza; na obokano ya Wagusii, ambayo ni kubwa na yenye sauti nzito iliyo chini sana, inaonyesha kuwa mantiki hiyo inafaa hata katika eneo la besi. Tyuni wazi, ambayo ni kuzipanga nyuzi ili zikipigwa bila kubanwa zitoe kordi kamili (noti kadhaa zinazolia pamoja kwa mapatano), hulirudisha gitaa karibu na mantiki hiyo.

Gitaa la baritoni ni gitaa lenye shingo ndefu linalotyuniwa chini ya gitaa la kawaida, mara nyingi kwa hatua ya noti nne, hivyo nyuzi zake huwa B, E, A, D, F#, B. Si chombo cha kawaida mitaani, na anayelitaka atatafuta sana, lakini lina faida moja iliyo wazi kwa mpigaji wa peke yake. Uzi wa sita, wa tano na wa kwanza zikishushwa toni moja kila mmoja, huku zile tatu za kati zikiachwa kama zilivyo, nyuzi hulia A, D, A, D, F#, A, ambayo ni kordi ya D. Uzi wa tano sasa ni noti ya nyumbani na uzi wa sita ni noti ya tano ya ufunguo huo, yaani gumba limepata, bila msaada wa mkono wa kushoto, zile noti mbili ambazo besi ya nyimbo nyingi za mtindo huu hupokezana.

Ushushaji huo una gharama ambayo haipaswi kupuuzwa. Mkazo wa uzi hufuata mraba wa kasi ya mtetemo wake, kwa hiyo uzi ulioshushwa toni moja hupoteza takriban asilimia 20 ya mkazo, huanza kulegea chini ya gumba na kugonga fureti, vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa. Shingo ndefu husaidia kidogo kuliko inavyodhaniwa: kutoka milimita 648 hadi 686, mkazo huongezeka kwa asilimia 12 hivi, ilhali kuteremka hatua ya noti nne peke yake huuangusha hadi asilimia 56 ya ule wa awali. Kinachookoa ni unene. Mpigaji anayekusudia kubaki katika tyuni hii wazi hubadilisha uzi wa sita wa inchi 0.062 kwa ule wa 0.070, na hapo mkazo hurudi ulipokuwa.

Utamu na ugumu wa mpangilio huu hukutana katika kordi. Kordi ya A7, ile ya tano yenye noti ya saba, ni rahisi ajabu, kwa kuwa besi yake inalia wazi kwenye uzi wa sita na kinachobaki ni kubana uzi wa tatu kwenye fureti ya pili na uzi wa pili kwenye fureti ya kwanza. Kordi ya G, ile ya nne, ndiyo inayoleta shida: besi yake iko fureti ya tano ya uzi wa tano, wakati vidole vya wimbo vinahitajika fureti ya kwanza na ya pili, na mtanuko huo kati ya fureti ya kwanza na ya tano, ambao ni milimita 126 kwenye gitaa la kawaida, hufikia karibu 134 kwenye baritoni. Wapo watakaoujaribu. Uamuzi wa busara zaidi ni kuliacha gumba liendelee na D wazi chini ya kordi ya G, kwa sababu D imo ndani ya kordi hiyo, na besi isiyohama huupa wimbo ule mng'ang'anio unaofahamika kwa aliyewahi kusikiliza nyatiti. Mwanafunzi wa mapatano ya Kizungu ataiona besi hiyo kuwa dhaifu; katika mapigo haya ni nguvu.

Wakongo waliufuata mwelekeo wa kinyume kabisa. Katika mi-composé, mpangilio unaohusishwa na Dechaud, mpigaji wa ridhimu na kaka wa Docteur Nico, uzi wa nne huondolewa na kuwekwa mwembamba unaolia oktava moja juu, ili gitaa lipenye katikati ya magitaa mengine bila kugusa eneo la besi. Tofauti hiyo inaeleza mahali pa baritoni. Uzi wa sita na wa tano katika tyuni iliyoelezwa hapa hulia kwa hezi 55 na 73 hivi, sawasawa na nyuzi A na D za gitaa la besi, kwa hiyo katika bendi ya benga, ambayo besi yake hutembea mbele na haijifichi, vyombo hivyo viwili vitakanyagana. Nafasi yake ni kwa mpigaji wa mugithi wa gitaa moja katika baa za Eastlands, au kwa sauti mbili na chupa ya Fanta kama ile ambayo Enos Okola aliipiga katika Abana ba Nasery, ambapo hakuna mwingine anayelinda chini.

Mwimbaji ambaye D ni chini mno kwake atatumia kapo, kibano kinachofupisha nyuzi zote kwa pamoja, na kwenye fureti ya pili atapata E, kwenye ya tatu F, bila kubadilisha umbo lolote la vidole. Akifika fureti ya tano, gitaa lake linalia sawasawa na gitaa la kawaida lililotyuniwa wazi katika G, na shingo ndefu aliyoilipia haimpi tena kitu.